Misumari Mdomoni mwa Mzee Uthmani

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaye mpya, daftari la mistari. Ile ya zamani imejaa — nusu michoro ya viti, nusu majina ya wasichana. Hii itakuwa ya mambo ya maana.

Leo kozi ya Kiingereza, kule mtaa wa Asiatique, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Madamu Elvire kaandika ubaoni maneno saba. Mumble, mutter, murmur, stammer, slur, babble, gibberish. Yote, anasema, ni kuongea kusikosikika vizuri. Saba! Kwetu tunasema huyu anaongea vibaya, basi, tunaenda kula. Waingereza sijui walikosa kazi.

Ikabidi kila mmoja atoe mfano wa mtu anayemjua. Wenzangu wakaanza kutafuta watu kwenye dari. Mi niliinua mkono mara saba. Madamu akaniambia niwaachie na wengine. Kosa si langu. Nina patroni, bosi wangu kazini, ambaye peke yake anatosha somo zima.

Mzee Uthmani, fundi wa viti, mtaa wa Buyenzi. Kanape za watu watatu, fotei za mmoja, viti vya gari. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, sasa misumari itakaa wapi? Mdomoni. Ishirini, thelathini, katikati ya midomo, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, anagonga. Na maagizo yote yanapita humo humo. Siku yangu ya kwanza aliomba mkasi nikampelekea ndoo ya maji. Wiki ya tatu nilimwelewa kuliko redio. Miaka sita sasa.

Mwezi wa nane kiharusi kilimkamata. Mkono wa kulia umelala, mdomo umevutwa upande. Maneno yanatoka yameshikana. Hiyo ni slur, anasema Madamu: maneno yanateleza yanaingiana, kama ya mlevi ama mgonjwa. Patroni wangu hajaonja pombe tangu azaliwe, lakini neno ni lake.

Watu wanasema hasikiki. Mi namsikia. Misumari imetoka, maneno ni yale yale.

Nimekuwa wa kwanza darasani. Asante patroni — ingawa sitakwambia sababu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mafuta ya magari hakuna tena. Kutoka nyumbani Kanyosha mpaka Buyenzi kwa miguu, viatu vimekuwa vya rangi ya barabara. Mama alinifungia viazi vitamu kwenye gazeti. Nimevimaliza kabla ya daraja.

Kazini kuna vita. Vita vya chini chini, lakini vita.

Khadidja, binti wa patroni, ndiye anaendesha atelye, karakana yetu, sasa. Anakata simili, ile ngozi ya bandia, vizuri, siwezi kukataa, ingawa kwa misumari mi ni zaidi. Anaolewa Jumamosi tarehe 25. Bwana ni Shakuru, anauza simu Asiatique, nywele zake kila wiki zina mtindo mpya. Mtu mzuri lakini.

Vita ni hivi. Siku ya ndoa baba wa binti anamwambia bwana harusi kwa mdomo wake: nimekuozesha binti yangu. Bwana harusi anakubali. Mashahidi wanasikia. Ndoa imekaa. Mzee Idi, mdogo wake patroni, anasema yeye atasema badala ya kaka yake. Watu watakuwa wengi, kaka hasikiki, watoto watacheka, kwa nini kumtia mgonjwa aibu? Akampa patroni karatasi ya kumruhusu, atie kidole.

Patroni aliirudisha kwa mkono wa kushoto. Akasema, mimi. Neno moja. Hilo hata Mzee Idi alilisikia.

Khadidja aliendelea kukata. Akakata mkono wa fotei mara mbili, kitambaa cha mteja kimeharibika. Sikumtania. Siku nyingine ningemtania.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sheikh alikuja leo. Mtu mpole, murmur yule — sauti ya chini, laini, unataka kulala. Mzee Idi akaongea robo saa. Sheikh akasikiliza. Halafu akasema baba akiwa hai na akili yake ni nzima, hakuna wa kumnyang'anya neno lake. Anaweza kumpa mwingine akitaka. Lakini je, anataka?

Patroni akatikisa kichwa. Apana.

Basi aseme mwenyewe, Sheikh akasema. Sharti ni moja: mashahidi wawili wamsikie na wamwelewe. Wakiinuka pale wakasema hawakuelewa, hatutamdanganya Mungu. Itabidi Idi aseme.

Mi nikapenyeza mdomo wangu. Nikasema mi naelewa kila neno, nitakuwa nasema tena nyuma yake kwa sauti. Mzee Idi akacheka mpaka kofia ikasogea. We mukiristo, akasema, unataka kumuozesha mutoto wetu? Sheikh hakucheka. Alisema hapa hapatafsiriwi. Masikio ni ya mashahidi wenyewe.

Mashahidi ni Mzee Idi na Mzee Songoro, mjomba wa Shakuru. Mmoja hataki kusikia, wa pili ni mzee sana.

Hapo nikasema maneno ambayo sasa yananikaa shingoni. Nikasema: nipeni patroni wiki mbili, ataongea kama mtangazaji wa habari.

Khadidja alinitazama kama mtu aliyeahidiwa nyumba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mtangazaji wa habari! Mjinga mi.

Kine, yule wa mazoezi ya wagonjwa hospitalini, alisema aseme pa-pa-pa, ta-ta-ta, kidogo kidogo, apumzike. Mi nikaona hiyo ni ya watoto wachanga. Nikamletea ya wanaume. Nikamsimamisha mbele ya kioo cha gari la mteja nikamwambia aseme nimekuozesha mara hamsini.

Mara ya tano ilikuwa nzuri. Ya kumi mate yalianza kutoka. Ya ishirini hata mi sikuelewa. Tangu ile wiki ya tatu, mara ya kwanza simwelewi.

Alinipa ishara nikae. Akafuta mdomo na kipande cha kitambaa cha kanape. Tukakaa hivyo kwenye fotei isiyo na sponji, tumezama wote wawili. Halafu akasema pole pole nikamletee chai, na mi mwenyewe ninywe, maana nimechoka kuliko yeye. Hilo nililielewa.

Yeye ndiye mgonjwa, ananihurumia mi. Sijui mambo kama hayo yanalipwa na nini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kozi. Interro, mtihani mdogo, ya maneno saba: nimepata saba. Fortunat, yule wa benki, tai shingoni, kapata tano. Nimemsalimia mara tatu ili aone karatasi yangu.

Nikamuuliza Madamu Elvire kitu. Haya maneno yote saba yanamkamata anayeongea. Anameza, ananung'unika, anashikwa na kigugumizi. Na yule anayesikiliza vibaya, neno lake ni lipi? Akasema kuna la kiziwi. Nikasema apana, masikio anayo, mazima, ila hayatumii. Akasema atatafuta.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo siandiki vizuri.

Patroni alikuwa kapumzika nyuma. Mteja wa viti vya gari alikuwa anangoja, na Bonfils, mchomelea vyuma wa mlango wa pili, alikuwa hana umeme kwa hiyo hana kazi. Wakaniambia, Jimi — Jimmy kwao ni Jimi — tuchekeshe. Mi nikiambiwa hivyo sina breki.

Nikaweka misumari minne mdomoni. Nikavuta mdomo upande. Nikalaza mkono wa kulia. Nikasema kama yeye: "Vuta. Vuta tena. Kitambaa kikilegea, mteja atakalia aibu yako." Sauti yake kabisa, na ugonjwa wake ndani. Bonfils akaanguka juu ya sponji. Mteja analia machozi. Hata Khadidja, kutoka chumba cha kukatia, akajibu: ndiyo Papa, navuta!

Hapo nikawa na furaha ya kijinga. Nimemdanganya hata binti yake! Nikageuka ili nirudie.

Patroni alikuwa amesimama na fimbo yake. Sijui tangu lini. Bonfils akatoka kama aliyeitwa na mtu.

Patroni aligeuka. Alirudi ndani. Ile fimbo, tok, tok, tok.

Nilitoa misumari mdomoni nikaacha marto, nyundo yangu, juu ya meza nikaenda. Sikumuaga mtu.

Jumatano, 15 Oktoba

Sikwenda. Nimemwambia Mama tumbo. Mama kasema tumbo la mtu mwongo linaumaga kila Jumatano. Akanipa uji hata hivyo.

Nimekaa nikiangalia ukuta. Nimekumbuka baba alipokufa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu pale kazini. Tulikuwa na sanduku la kumzikia, mbao tupu, hatukuwa na cha kutandika ndani. Patroni alikuja Kanyosha na baiskeli, satini nyeupe kaifunga nyuma, nyundo mfukoni. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti uani akaanza kulitandika sanduku, sponji chini, satini juu, mikunjo midogo midogo kama ya kanape ya tajiri. Misumari mdomoni. Katikati akasema kitu. Wajomba zangu wakaulizana, huyu mwislamu anasema nini? Ni dua? Hakuna aliyeelewa. Mi tu.

Alisema: "Baba yako atalala vizuri. Na we, kuanzia leo, uko wangu."

Kwa misumari ishirini mdomoni. Na mi jana nikachukua misumari minne.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bonfils alikuja mpaka nyumbani kwa miguu. Alisema naitwa. Nikamuuliza ana hasira? Akasema sha, ndugu yangu, yule akiongea mi sielewi kitu, nimesikia tu Jimi, Jimi.

Nilienda. Moyo kama mashine ya kushonea. Patroni alikuwa kwenye fotei ya mteja, ile ya kijani, kama rais. Khadidja pembeni, hanitazami. Nikaanza pole yangu, niliyoipanga njia nzima. Ilitoka stammer. P-p-pole. Mi, Jimmy, wa saba kwa saba!

Aliinua mkono wa kushoto. Akaonyesha kopo la misumari. Halafu akaonyesha mdomo wangu.

Nikafikiri ni adhabu. Nikaweka minne. Akasema, rudia ile. Nikarudia, macho chini.

"Apana," akasema. "Si vile. Neno la mwisho we unalimeza. Mi simezi."

Akasema yeye. Vuta tena. Mi nikasema. Apana. Yeye. Mi. Apana. Kama mara kumi na tano, hata Khadidja akaanza kusema hapo Jimi, hapo umekosea, Papa anapitishia upande wa kushoto. Na kweli! Upande mzuri. Maneno yote yanapita kushoto, kama watu wanaokwepa dimbwi. Sikuwahi kuliona hilo kwa kichwa. Sikio langu peke yake lilijua.

Mwisho patroni alikubali kwa kichwa. Mdomo ukacheka — nusu moja.

Kisha akasema: "Sasa fundisha Idi."

Nilielewa polepole. Yeye kashapita pa-pa-pa, maneno yake yatabaki hivi hivi. Wa kufundishwa ni mashahidi. Mi niliyezoea misumari nilizoea kwa wiki tatu. Zimebaki siku tisa.

Wazo ni langu. Sawa, ni lake. Lakini mi ndiye wa kwanza kulisikia.

Nilivyoinama kuokota marto, alinigonga kichwani kwa kidole. Pigo dogo, lile la siku zote. Asante Mungu. Asante sana sana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Shule imefunguliwa! Profesa Jimmy, atelye ya Buyenzi, wanafunzi wawili, jumla ya miaka yao mia moja na thelathini.

Patroni asichoke, kwa hiyo mi ndiye naongea kama yeye, wao wanakisia. Misumari mdomoni, mdomo upande. Nikasema leta maji. Mzee Songoro akasema, letea mwali. Nikasema mlango uko wazi. Akasema, mkono uko wapi? Khadidja alitoka nje kucheka. Lakini yule mzee hakati tamaa. Anainama mbele, mkono kwenye sikio, anasema tena mutoto, tena. Kufika alasiri alikuwa amepata sita kwa kumi. Aliniuliza kama mtihani una cheti.

Mzee Idi, sifuri. Sifuri! Mtu anayeuza sponji kule viwandani, Zone Industrielle, kwa simu mbili kwa wakati mmoja, anasikia bei kutoka ng'ambo ya barabara. Kwangu mi alipata kidogo, tatu, nne. Lakini patroni mwenyewe akijaribu neno moja moja, hapo ndipo sifuri.

Nilimtania. Nikamwambia Mzee Idi, karo yako ya shule inapotea. Hakucheka. Alivaa viatu akaondoka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kozi. Madamu Elvire kasema ametafuta neno langu kwenye kamusi mbili, na kamuuliza rafiki yake wa Kampala. Hakuna. Yaani liko la nusu nusu lakini si lenyewe. Nikamwambia asijali, hata sisi hatuna.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimelikamata. Mi Jimmy, nimelikamata, na safari hii ni langu kweli.

Mzee Idi alirudi leo, nilifikiri hatarudi. Walikaa wawili, yeye na patroni, uso kwa uso, mi katikati na kopo langu. Patroni akasema, habari za watoto? Mzee Idi akasema hakusikia. Patroni akarudia. Hakusikia. Nami nikaacha kumsikiliza patroni, nikamtazama Mzee Idi.

Anatazama chini! Kaka yake akifungua mdomo, yeye anatazama vigae. Kila mara. Anangoja imalizike.

Nikamwambia. Si kwa utani. Nikasema Mzee Idi, inua macho, tazama mdomo, upande wa kushoto. Akasema tangu lini mi mutoto namuamrisha? Nikasema, basi usinisikilize mi, lakini inua macho.

Bonfils pale nje alikuwa anachoma geti, cheche zinaruka, hakuna anayezitazama. Halafu Mzee Idi akasema, sauti ya chini, mutter ile ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Mi nikimtazama mdomo, naona siku ile ameanguka. Mi ndiye nilimuokota."

Basi. Kumbe hata ile karatasi haikuwa ubishi. Na mi nilikuwa nimemuandika hapa, ukurasa wa Alhamisi tarehe 9, kuwa hataki kusikia. Siufuti, nijikumbushe.

Patroni alinyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akamshika kidevu mdogo wake, akakiinua. Kama unavyomshika mtoto umwoshe uso. Mzee wa miaka hamsini na nane na simu mbili. Akasema: "Idi. Nimekula. Nimelala. Niko."

Mzee Idi akayarudia yote matatu. Moja moja. Macho yamejaa.

Nikatoka nje kumsaidia Bonfils kushika geti. Halikuwa linahitaji kushikwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mzee Songoro: tisa kwa kumi. Mzee Idi: saba. Mbele ya watu wawili watatu. Kesho watakuwa mia.

Khadidja ana hina mpaka kwenye viwiko, haruhusiwi kugusa kitu. Alinituma kazi siku nzima kama malkia. Jioni aliniita, akasema nikimaliza kesho nichukue ile fotei ya kijani, ya mteja asiyerudi, nimpelekee mama yangu, Mama Spéciose. Papa kasema. Nikamuuliza, na kama kesho haiendi vizuri? Akasema fotei haina uhusiano na kesho, Jimi.

Mama atakaa kama waziri.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika magotini, kwenye ngazi ya msikiti, katikati ya viatu. Sheikh alisema naweza kukaa mlangoni. Viatu hapa ni kama mia na hamsini, vya Shakuru vinang'aa kuliko vyote, unaweza kuchana nywele humo.

Naona vizuri. Patroni kavaa kanzu nyeupe, Khadidja kaipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Wamemkalisha chini, mto mgongoni — mto tuliotengeneza sisi, mshono wangu. Shakuru mbele yake, wameshikana mikono, ya kushoto. Sheikh aliruhusu. Mzee Idi na Mzee Songoro kila mmoja upande.

Kijana mmoja kaleta mikrofoni. Mzee Idi kaisukuma.

Sheikh kamaliza kusoma. Sasa anamwambia patroni, sema.

Mpaka feni nazisikia.

Patroni: "Shakuru."

Limetoka. Wote wamelipata. Shakuru kaitika.

"Nimekuozesha —"

Limeteleza, mwanzo umeingia mwisho, lakini lipo lote, patroni, lipo lote. Huko nyuma watu wananong'ona. Mtoto mmoja kacheka, kapigwa kofi. Sheikh kawageukia mashahidi. Mzee Songoro kichwa juu chini, juu chini, mwanafunzi wangu! Kasikia.

Mzee Idi hajajibu.

Patroni anavuta pumzi. Limebaki la binti yangu, limebaki jina. Jina lile lina kh pale mbele, gumu, jana lilimshinda mara mbili. Ulimi wake unatafuta kitu mdomoni, pembeni, pale misumari inapokaaga. Hakuna kitu. Unarudi.

Namtazama Mzee Idi. Nimejisemea, akigeuka kunitafuta huku mlangoni, tumekwisha.

Hageuki. Kainama mbele, mkono kwenye sikio. Macho yako juu, kwenye mdomo wa kaka yake, upande wa kushoto.

Patroni anafungua mdomo. Naweka kalamu chini, nami nisikie.